Mwezi wa Oktoba wa Mwaka 1908: Mambo ya Dunia na Mtoto wa Mrumbi

Waseminari wanaposoma historia ya dunia hukuta mara nyingi orodha za miezi: tarehe fulani mfalme alitia sahihi, tarehe fulani vita vilianza, tarehe fulani alizaliwa mtu aliyekuja kuwa mkubwa. Orodha hizo zafaa, lakini zina ila moja: zimeandikwa na watu waliokaa mbali sana na ziwa letu. Leo twataka kuchukua mwezi mmoja tu, oktoba wa mwaka 1908, na kuusoma mara mbili. Kwanza tutausoma kama wausomavyo watu wa Ulaya na Amerika. Halafu kama tuwezavyo kuusoma sisi tukisimama Baraka, kando ya maji, au Fizi, juu milimani.

Hatukuchagua mwezi huo kwa bahati. Katika mwezi huo alizaliwa, pande za Moba, mtoto aliyekuja kuwa padri na kuuawa Fizi miaka 56 baadaye. Na katika mwezi huo huo mfalme wa Wabelgiji alitia sahihi yake kwenye karatasi iliyobadili jina la nchi yetu na bwana wake.

Tuanze na mambo ya mbali.

Tarehe 1 oktoba, siku ya alhamisi, kiwanda cha Henry Ford cha mjini Detroit, Marekani, kilianza kuuza motokari iliyoitwa Model T. Motokari zilikuwapo zamani, lakini zilikuwa vitu vya matajiri. Ford alitaka mkulima na fundi nao waweze kununua moja. Alifaulu: hata mwaka 1927, alipoacha kuitengeneza, zilikuwa zimetoka kiwandani zaidi ya milioni 15. Msomaji wa Ulaya huishia hapo na kusifu akili ya Bwana Ford. Sisi yatupasa kwenda mbele kidogo. Motokari hutaka magurudumu, na magurudumu hutaka mpira. Tangu Dunlop alipobuni gurudumu la kujazwa hewa katika mwaka 1888, kwanza kwa baisikeli, dunia ilianza kuwa na njaa ya mpira, na katika miaka ile sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo. Wakubwa wetu wa Equateur na Kasai walijua bei yake: wanawake walifungwa kama rehani hata waume zao warudi na kilo zilizotakiwa, vijiji vilichomwa, mikono ilikatwa. Mambo hayo yaliyokwenda Ulaya kwa barua za wamisionari na kwa taarifa ya balozi Mwingereza Roger Casement, ya mwaka 1904, ndiyo yaliyoleta ile karatasi ya oktoba 1908 tutakayoisema hapa chini. Basi mwezi huo huo uliozindua motokari ya watu wote ndio uliofunga hesabu ya mpira wa damu. Walioandika orodha huviweka vitu hivyo viwili mbalimbali, kimoja chini ya neno «ufundi», kingine chini ya neno «siasa».

Tarehe 5 oktoba Wabulgaria walitangaza kwamba wako huru kabisa na Sultani wa Waturuki. Kesho yake mfalme mzee Franz Joseph wa Austria alitangaza kwamba nchi ya Bosnia na Herzegovina, aliyokuwa akiitawala kama mwangalizi tu tangu mwaka 1878, sasa ni mali yake. Waserbia wakakasirika, Warusi wakanung'unika, na kwa miezi mingi watu walisema vita vitatokea. Havikutokea mwaka ule. Lakini hasira ilibaki kama moto chini ya majivu, na tarehe 28 juni 1914, mjini Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia hiyo hiyo, kijana mmoja alimpiga risasi mrithi wa Austria. Wiki chache tu baadaye, tarehe 22 agosti 1914, meli ya Wadachi iliyoitwa Hedwig von Wissmann ilikuja kuipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, penye mdomo wa mto Lukuga. Wavuvi wa ziwa letu hawakupata kuisikia Bosnia hata siku moja. Hata hivyo vita vyake vikawafikia kwenye mitumbwi yao, na wanaume wa Kongo zaidi ya 200,000 wakachukuliwa kubeba mizigo ya askari, wengine mpaka Tabora, mji ulioangukia mikononi mwa Wabelgiji mwezi wa septemba 1916.

Tuyapite upesi mambo mengine. Tarehe 13 oktoba Mdachi Fritz Haber aliomba serikali yake iandikishe haki yake juu ya njia ya kutengeneza amonia kutokana na hewa: njia hiyo ilileta mbolea kwa mashamba ya dunia, na vilevile baruti kwa mizinga. Tarehe 28 gazeti moja la London lilichapisha maneno ya Kaisari Wilhelm, aliyedhani anafanya urafiki na Waingereza, kumbe aliwaudhi pamoja na watu wake mwenyewe. Katika Ufaransa, karibu na Le Mans, Wilbur Wright alikuwa akiruka na ndege yake ya mbao na kitambaa mbele ya watu waliokuja kwa maelfu. Na huko Roma, Papa Pius wa Kumi, aliyekuwa ametimiza miaka 50 ya upadri mwezi wa septemba, alikuwa akiipanga upya nyumba yake. Kwa barua yake ya tarehe 29 septemba 1908 aliamuru kwamba toka sasa sheria za Kanisa zitangazwe katika gazeti moja maalum, nalo ndilo Acta Apostolicae Sedis, ambalo waseminari wetu hulifahamu kwa herufi zake tatu, A.A.S., na pengine hawajui lilianza lini.

Na waliozaliwa? Orodha zataja waigizaji wa sinema, wataalamu wa mali, wachora picha. Sisi tutamtaja mmoja tu, na msomaji ataona kwa nini. Tarehe 16 oktoba 1908, katika mji wa Gjirokastër, nchi ya Albania, alizaliwa Enver Hoxha. Mtu huyo alitawala nchi yake toka mwisho wa vita vya pili vya dunia hata alipokufa katika mwaka 1985. Katika mwaka 1967 alifunga makanisa yote na misikiti yote, akajivuna kwamba Albania ni nchi ya kwanza duniani isiyo na dini. Padri Shtjefën Kurti aliuawa huko katika mwaka 1971 kwa sababu alikuwa amembatiza mtoto. Makatekista wetu, wanaobatiza watoto walio katika hatari ya kufa bila kumwogopa mtu, wafikiri kidogo neno hilo.

Sasa turudi kwetu.

Katika mwanzo wa oktoba 1908 nchi hii iliitwa bado Dola Huru ya Kongo. Jina lilikuwa la kuchekesha, kwa maana hakuna aliyekuwa huru ndani yake isipokuwa mwenyewe, yaani Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakupata kukanyaga udongo wake. Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, kama vile shamba lilivyo mali ya mtu. Baada ya kelele za miaka mingi, na baada ya tume ya uchunguzi iliyotumwa na mfalme mwenyewe kukiri sehemu kubwa ya maovu katika mwaka 1905, Wabelgiji waliona hawana njia nyingine ila kuichukua nchi hiyo mikononi mwa serikali yao. Mapatano ya kuitoa yalitiwa sahihi tarehe 28 novemba 1907. (Msomaji aikumbuke siku hiyo, 28 novemba; tutakutana nayo tena kwa jambo lingine kabisa.) Baraza la wabunge lilikubali tarehe 20 agosti 1908, kwa kura 83 juu ya 54; baraza la wazee lilikubali tarehe 9 septemba. Ilibaki sahihi ya mfalme. Akaitia tarehe 18 oktoba, siku ya Mungu, sikukuu ya Mtakatifu Luka. Tarehe 15 novemba nchi ikawa Kongo ya Ubelgiji.

Yafaa tutazame vizuri kilichotiwa sahihi siku ile. Zilikuwa sheria mbili. Ya kwanza ilikubali kupokea nchi pamoja na madeni yake. Mfalme hakuondoka mikono mitupu: aliahidiwa franka milioni 50, kama alama ya shukrani kwa taabu aliyopata kwa ajili ya Kongo, tena milioni 45 na nusu za kumaliza majengo aliyoyaanza huko Ubelgiji. Tumesoma neno hilo «shukrani» mara mbili na tatu, tukidhani tumekosa kuelewa Kifaransa. Hatukukosa.

Sheria ya pili ndiyo iliyoitwa Karta ya Koloni. Ndiyo iliyoitawala nchi miaka karibu 52, toka 1908 mpaka Sheria ya Msingi ya mwezi wa mei 1960. Ndani yake mlikuwa na maneno mema. Ilisema hakuna mtu awezaye kulazimishwa kufanya kazi kwa faida ya watu binafsi au ya kampuni. Neno hilo lililengwa moja kwa moja kwa wenye mpira. Ilimpa Gavana Mkuu wajibu wa kuangalia uhai wa watu wa nchi na kuendeleza hali yao ya roho na ya mwili. Ilitaja uhuru wa dini. Iliweka Baraza la Koloni, lililokaa Bruxelles.

Lakini maneno mema yalikuwa na mipaka, na mipaka hiyo twaweza kuionyesha kwa kidole. Kazi ya lazima kwa kampuni ilikatazwa. Kazi ya lazima kwa serikali haikukatazwa. Bulamatari aliendelea kutaka barabara, wapagazi, na baadaye pamba. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu kumtaka mwanakijiji siku 60 kwa mwaka kwa kazi hizo. Tena sheria iliwagawa watu: haki za namna moja kwa Wazungu na kwa wachache walioandikishwa, haki za namna nyingine kwa wengine wote, waliobaki chini ya desturi zao na chini ya mjeledi. Na katika ofisi zote zilizoshughulika na karatasi hiyo, toka Boma mpaka Bruxelles, hakuulizwa mwenyeji wa Kongo hata mmoja.

Wakati karatasi ilipokuwa ikisafiri, watu wa pwani ya Tanganyika walikuwa na shida iliyowashika karibu zaidi, nayo ni ugonjwa wa usingizi. Mbung'o hukaa vichakani penye kivuli karibu na maji, mahali pale pale ambapo mitumbwi hufika na wanawake huteka maji. Basi kijiji kilichokaa vizuri kwa samaki kilikaa vibaya kwa ugonjwa. Mwisho wa oktoba 1908, mjini London, Waingereza na Wadachi walipatana kupigana nao pamoja katika nchi zao za Afrika ya Mashariki. Dawa ya wakati ule, atoksili, iliwasaidia wengine na kuwapofusha wengine. Njia iliyobaki ilikuwa kuhama: vijiji vingi vya pwani viliachwa, watu wakapanda juu. Mtu aonaye leo sehemu za pwani zenye miembe mikubwa bila nyumba asidhani kwamba ni vita tu vilivyowatoa watu.

Katika nchi hiyo yenye mfalme wa mbali na mbung'o wa karibu, alizaliwa oktoba 1908, mahali paitwapo Saint-Louis de Mrumbi, upande wa Moba, mtoto aliyeitwa Albert. Mama yake alikuwa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi ile. Baba yake alikuwa Mfaransa, Kapiteni Léopold Joubert, mwenye umri wa miaka 66.

Kapiteni huyo ajulikana kwa wazee wote wa ziwa. Katika ujana wake alikuwa askari wa Papa, katika kikosi cha Wazuavu, wakati majeshi ya Italia yalipotaka kumnyang'anya Baba Mtakatifu nchi zake. Kikosi kilipokwisha, Kardinali Lavigerie alimpata kwa kazi nyingine: kuwalinda Mapadri Weupe na watu wao mbele ya wafanya biashara ya watumwa. Alipofika mara ya kwanza, katika miaka ya 1880, hakukaa kusini. Alitumika kwenye misioni za kaskazini: Mulweba katika Masanze, na Kibanga, yaani katika nchi hii hii ya pwani ya Baraka na Ubwari. Misioni hizo hazikudumu. Kibanga iliachwa katika mwaka 1893, na Wakristo wake walihamia Kirungu. Alipokuja mara ya pili alikaa Mpala, kisha Mrumbi, na katika mwezi wa februari 1888 alimwoa Agnes mbele ya Kanisa. Hakurudi tena Ulaya. Alikufa huko huko katika mwaka 1927 na kuzikwa kati ya watu wake.

Ndoa hiyo yafaa kutazamwa pamoja na Karta ya Koloni, kwa maana mtoto Albert alikuwa chotara. Watoto wa namna hiyo waliozaliwa baada yake chini ya sheria mpya, wengi wao baba zao waliwakana, na serikali iliwatoa kwa nguvu mikononi mwa mama zao, ikawapeleka mbali katika nyumba za kulelea. Waziri Mkuu wa Ubelgiji aliomba msamaha kwa ajili ya jambo hilo katika mwezi wa aprili 2019, na katika mwezi wa desemba 2024 korti ya rufani ya Bruxelles iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa malalamiko ya wanawake watano waliotendewa hivyo, ikiliita kosa hilo uhalifu juu ya ubinadamu. Ni lazima tukiri pia kwamba nyumba nyingi walimopelekwa zilikuwa nyumba za misioni. Albert hakupatwa na hayo. Alikuwa na baba aliyekula naye meza moja, mama aliyeitwa kwa jina lake katika kitabu cha ndoa, na ndugu wengi.

Alipokuwa na miaka minane, jambo kubwa lilitokea Baudouinville, ambayo leo twaiita Kirungu: tarehe 21 julai 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo yote kwa nyakati hizi zetu. Hatujui mtoto Albert aliwaza nini siku zile, wala hatutaki kumtungia mawazo. Twajua tu kwamba naye alifuata njia ile, na katika mwaka 1935 akawa padri. Akatumika katika parokia na katika shule, mwishowe akatumwa Fizi.

Hebu sasa tuhesabu miaka yake. Alizaliwa wakati Kongo ilipokuwa bado mali ya Leopold. Alikuwa hajatimiza miezi miwili ilipokuwa koloni. Maisha yake yote ya kusoma, ya upadri na ya mafundisho yalipita chini ya ile karatasi ya 18 oktoba. Karatasi ikafa tarehe 30 juni 1960, yeye akabaki. Katika mwaka 1962 Baba Mtakatifu Yohane wa 23 aliiumba dayosisi ya Uvira. Katika mwaka 1964 moto uliwaka.

Twajua kwamba wasomaji wa Fizi hawapendi kusikia habari ya waasi ikisemwa kama habari ya wanyama wa mwituni waliotoka porini bila sababu. Nao wana haki. Waasi hao, walioitwa Simba, walikuwa wana wa vijiji vyetu. Wengi wao baba zao walilima barabara za lazima, na uhuru wa 1960 haukuwaletea waliyoahidiwa. Hasira yao ilikuwa na mizizi, na mzizi mmoja twaweza kuufuata kurudi nyuma mpaka kwenye sahihi ile ya mwaka 1908, iliyotoa nchi ya watu bila kuwauliza. Lakini kueleza hasira si kuhalalisha damu. Tarehe 24 novemba 1964 askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli mjini Stanleyville, na katika nchi yote iliyoshikwa na waasi kila mmisionari akahesabiwa kuwa mshirika wa adui.

Jumamosi, tarehe 28 novemba 1964, ilikuwa mkesha wa dominika ya kwanza ya Majilio. Baraka, mkubwa mmoja wa waasi alifika misioni na gari la jeshi, akamwamuru Ndugu Vittorio Faccin apande. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka aliamriwa apande naye. Akajibu kwamba kama wanataka kumuua, afadhali afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti karibu na maiti, akauawa pale pale. Gari likapanda milima. Jioni lilifika Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, akafanya alama ya msalaba, akapigwa risasi. Kisha akapigwa Padri Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Waitalia wa shirika la Wasaveriani: Faccin alikuwa na miaka 30, Carrara 31, Didonè 34. Wa nne alikuwa mtu wa ziwa hili. Baba yake aliyalinda maisha ya Wakristo kwa bunduki, katika Masanze na Kibanga, miaka themanini nyuma. Mwana hakuwa na bunduki.

Vitabu vya ng'ambo vikitaja Fizi na Baraka, mara nyingi humtaja Ernesto Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa aprili 1965 na kuondoka mwezi wa novemba wa mwaka ule ule. Alikaa miezi saba. Hatusemi asitajwe. Lakini Padri Albert alifundisha na kubatiza miaka 29, na ilibidi kungoja mpaka tarehe 18 agosti 2024 ndipo jina lake, pamoja na wale watatu, likatangazwa mbele ya dunia: siku hiyo, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko.

Yabaki neno moja kwa makatekista na kwa mapadri vijana wanaosaidia parokiani. Kwa nini twaweza kusema kwamba Albert Joubert alizaliwa katika oktoba 1908, na si katika «mwaka wa ugonjwa» tu? Kwa sababu mtu aliandika. Katika mwezi ule walizaliwa watoto wengine wengi katika Ubembe, katika Ubwari na kando ya mto Mutambala, na hakuna awezaye kutaja siku ya hata mmoja wao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, yataka yaandikwe bila kukawia majina ya aliyebatizwa, ya aliyembatiza, ya wazazi, ya wasimamizi na ya mashahidi kama wapo, mahali na siku ya ubatizo, pamoja na siku na mahali pa kuzaliwa. Mara nyingi tumeona kitabu ambamo siku ya ubatizo imeandikwa vizuri kwa wino, na nafasi ya kuzaliwa imeachwa tupu, eti mama hakumbuki.

Mama hukumbuka, lakini si kwa tarehe. Aulizwe polepole: mvua zilikuwa zimeanza? Ilikuwa kabla ya Noeli? Ndagala walikuwa wengi? Tulikuwa tumekimbia, au tulikuwa tumerudi? Kwa wazee waliokosa karatasi njia ni hiyo hiyo, na jambo kubwa lijulikanalo na wote huwa kama mti wa kupimia. Mzee wa Ubwari akisema kwamba alizaliwa wiki ile mapadri walipouawa Baraka, katekista asiache nafasi tupu. Aandike: mwisho wa novemba 1964.